Ua ambalo Babu alilikariri bila kuliona

Babu yangu wa Milola ana miaka 83. Macho yamefifia, magoti yanamsumbua, lakini mkalishe barazani baada ya chakula cha jioni, mwulize shuleni alisoma nini, halafu kaa kimya. Atakukariria shairi zima la Kiingereza, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka mstari. Ni shairi la William Wordsworth kuhusu mtu aliyekutana na maua mengi ya njano kando ya ziwa. Maua yenyewe ni dafodili.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, nilikwenda kuwasalimu. Babu akajua sasa nasomea mimea, shahada ya uzamili. Akaniita: "Mchumba, hebu njoo. Wewe si ndiye mtaalamu wa majani? Hilo ua lina sura gani?"

Nilidhani anatania. Kumbe hapana. Alilikariri shairi hilo shule ya kati, miaka ya 1950, akachapwa fimbo mbili kwa kukosea matamshi, akafaulu mtihani, akazeeka, na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha ua lenyewe. Mwalimu wake naye hakuwa amewahi kuliona. Kwa hiyo darasa zima lilijichorea la kwake. Babu alipokuwa akikariri habari za ziwa, kichwani mwake aliliona Ziwa Rutamba, kwa sababu ndilo ziwa alilolijua. Na dafodili akazipa sura ya mayungiyungi, yale yanayoelea juu ya maji.

Nikampa simu, nikamwonyesha picha. Akaitazama muda mrefu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Ndiyo hili tu?"

Ndiyo hili tu, Babu. Na wewe msomaji, kama hujawahi kuliona, acha nikueleze: ni ua la kimo cha goti hivi, petali sita zimetandazwa kama nyota, katikati kuna kikombe kama tarumbeta, mara nyingi njano kwa njano. Majani yake ni membamba na marefu, yanafanana kidogo na ya kitunguu. Chini ardhini lina tunguu, yaani kile kichwa chenye matabaka ambamo mmea huweka akiba yake ya chakula.

Historia ya shairi inajulikana vizuri, hata siku. Tarehe 15 Aprili 1802, Wordsworth na dada yake Dorothy walikuwa wakitembea kando ya ziwa la Ullswater, kaskazini mwa Uingereza, wakazikuta dafodili zimejaa ufukweni. Dorothy aliandika tukio hilo kwenye shajara yake. Kaka mtu alisubiri karibu miaka miwili ndipo akatunga shairi, akalichapisha mwaka 1807. (Ukisoma ile shajara utaona dada alikuwa na jicho kali kuliko kaka, lakini hayo tuwaachie wa fasihi.) Baadaye shairi likaingia kwenye vitabu vya shule, na vitabu vikasafiri kila ilikopepea bendera ya Uingereza. Babu hakuwa peke yake. Jamaica Kincaid, mwandishi aliyezaliwa kisiwa cha Antigua, ana riwaya ya mwaka 1990 iitwayo Lucy, ambamo msichana wa visiwa vya Karibi anakariri shairi hilo hilo akiwa na miaka 10, na anaziona dafodili kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 19. Anatamani azifyeke.

Babu hakutamani kuzifyeka. Alichouliza ni swali la mkulima: "Je, hapa linaota?"

Sasa hapo ndipo nilipopata kazi.

Jibu fupi ni kwamba litatoa majani, lakini usisubiri ua. Jibu refu ni tamu zaidi. Dafodili nyingi zina asili ya Ulaya magharibi, hasa Hispania na Ureno, na ng'ambo ya bahari kule Moroko. Huko mwaka una baridi kali na joto kali, na mmea umejifunza kuhesabu. Majani yanapokauka mwanzoni mwa kiangazi chao, tunguu linaonekana limekufa, lakini ndani yake kichanga cha ua kinaumbwa polepole, hakionekani kwa nje. Kikishaumbwa hakitoki. Kinasubiri baridi. Tunguu linahitaji wiki 12 hadi 16 hivi za ubaridi wa chini ya nyuzijoto 9, ndipo bua lipate ruhusa ya kurefuka. Bila baridi hiyo, ua hunyaukia humo humo ndani, au hutoka likiwa fupi na limedumaa.

Kwa nini mmea ujitese hivyo? Fikiria siku moja ya jua kali imejitokeza mwezi wa Oktoba Ulaya. Mmea usiohesabu utadanganyika, utatoa ua, na wiki inayofuata barafu italiua. Mmea unaohesabu wiki za baridi haudanganyiki kwa siku moja: unajua majira ya baridi yamepita kweli. Ndiyo maana wenzetu wa huko hupanda matunguu kwenye vyungu kuanzia Septemba hadi Novemba, wanayafukia kwa kina cha mara mbili au tatu ya urefu wa tunguu lenyewe, wanaviacha vyungu nje vipigwe na baridi, halafu Februari hadi Aprili wanavuna macho. Ua likinyauka wanalikata, ila majani hawayagusi kwa wiki sita hivi, mpaka yageuke njano yenyewe. Hayo majani ndiyo yanayopika chakula cha ua la mwaka ujao. Shika hilo la majani, tutalirudia.

Milola tunayo baridi? Julai watu wanavaa masweta, ndiyo, na Bibi analalamika. Lakini hata usiku wa Julai ni nadra joto kushuka chini ya nyuzijoto 15. Kwa dafodili hilo ni joto tu. Ukitaka baridi ya kweli Tanzania hii, panda hadi Kitulo kule Nyanda za Juu Kusini, mita 2,600 juu ya bahari, ambako Juni na Julai umande huganda juu ya majani.

Kuna ujanja wa jokofu. Wakulima wa Uholanzi waliujua zamani kwa uzoefu, na kuanzia miaka ya 1920 maabara ya A. H. Blaauw kule Wageningen ikauchunguza kwa vipimo, ikiyaweka matunguu ya maua kwenye joto tofauti na kuangalia ndani yake nini kinaumbwa lini. Leo unaweza kuweka tunguu la dafodili kwenye jokofu miezi mitatu na zaidi, ulitoe, ulipande, likachanua. Ila usiliweke pamoja na ndizi wala maembe, kwa sababu matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini inayoharibu kichanga cha ua. Fikiria basi Babu anamwomba mwenye duka la soda nafasi ya jokofu, miezi mitatu, kwa ajili ya vitu vinavyofanana na vitunguu! Na baada ya ua hilo moja, kwenye joto letu tunguu halirudii tena. Jambo jingine: matunguu hayaingizwi nchini mfukoni. Yanahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu inafuatilia hayo kwa sababu ya magonjwa na wadudu.

Kwa haki niseme kwamba wapo ndugu wa dafodili wasiodai baridi kiasi hicho, wenye maua madogo meupe na harufu nzito. Ni jamaa wa lile ua ambalo Waajemi na Wahindi huliita nargisi. Kama mama yako ni mpenzi wa filamu za Kihindi, jina hilo analo tayari: Nargis, yule mama wa Mother India ya mwaka 1957. Lakini sikumwambia Babu habari za nargisi. Nilikuwa nimekumbuka kitu kingine.

Nyuma ya nyumba yao, upande wa shamba la ufuta, kuna kipande kilichokuwa bado kichaka. Kila mwaka mvua za kwanza zikinyesha, pale chini ya miti hutoka kitu ambacho utotoni tulikichuma na kukichezea: bua moja lisilo na jani, na juu yake mpira mwekundu mkubwa kama kichwa cha mtoto. Ukiusogelea unaona si ua moja. Ni maua madogo mengi, hata 200, kila moja lina petali sita nyembamba, na vijiti vyake vya chavua vimechomoza nje kama sindano. Vipepeo wanakuja. Baada ya wiki moja au mbili limekwisha, halafu ndipo majani mapana yanashamiri. Nyumbani kwetu halina jina maalumu. Watu wanasema tu "lile jekundu la mvua za kwanza", na unaeleweka.

"Babu," nikamwambia, "lile jekundu na dafodili ni ndugu."

Hakuamini. Wewe je? Jina lake la kisayansi ni Scadoxus multiflorus, na limo katika familia ya Amaryllidaceae pamoja na dafodili. Angalia ushahidi wenyewe: tunguu chini ya ardhi, maua yanayotoka pamoja juu ya bua lisilo na majani, sehemu sita za ua, na aina moja ya sumu, ambayo nitaieleza. Siku hizi, kufuatia upangaji mpya wa familia za mimea wa mwaka 2009, hata kitunguu maji na kitunguu saumu wamo humo. Kwa hiyo Bibi amekuwa akikaanga mabinamu wa dafodili maisha yake yote.

Tofauti yao ni wanachohesabu. Dafodili huhesabu baridi. Lile jekundu limezoea kiangazi. Lindi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, halafu miezi ya ukavu. Tunguu hulala ukavuni kama vile dafodili hulala baridini, na mvua ya kwanza ndiyo inayoligongea mlango. Ukipenda, Desemba ya Milola ni Aprili ya Ullswater.

Historia ya jina lake nayo ina vituko. Carl Linnaeus, Msweden aliyeanzisha utaratibu wa majina tunaoutumia, mwaka 1753 aliweka kundi aliloliita Haemanthus, kwa Kigiriki "ua la damu". Mwaka 1795 Thomas Martyn, profesa wa Cambridge, akaliingiza ua letu humo kwa jina Haemanthus multiflorus, la maua mengi. Mwaka 1838 akaja Rafinesque, mtu aliyependa kubatiza mimea kuliko wenzake walivyotaka, akasema hili lina kundi lake, Scadoxus. Wengi hawakumsikiliza. Ilichukua hadi mwaka 1976, Ib Friis wa Denmark na Inger Nordal wa Norwei walipoyachambua upya, ndipo ikakubalika kwamba Rafinesque alikuwa sahihi. Nordal huyo huyo ndiye aliyeandika sehemu ya familia hii, mwaka 1982, katika ule mradi mkubwa wa kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, uliochukua miaka 60, kutoka 1952 hadi 2012, na kumalizika ukiwa na spishi 12,104.

Kwa hiyo mwaka ule Babu anachapwa fimbo kwa ajili ya dafodili, kazi ya kuorodhesha maua ya nyumbani kwake ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, kwa Kiingereza na Kilatini, na vitabu vyake havikufika darasani kwao.

Tena Rutamba haikuwa mahali pasipojulikana. Mwaka 1934 na 1935, kabla Babu hajazaliwa, Mjerumani Hans-Joachim Schlieben alipiga kambi maeneo hayo hayo ya ziwa, akikusanya mimea: anakata tawi, analibana kwenye karatasi, analikausha, anaandika mahali na tarehe. Mikusanyo yake ilipelekwa Ulaya, na mingi ikatua Berlin. Wataalamu wakaisoma, wakakuta spishi ambazo hazikuwa zimewahi kuandikwa. Halafu usiku wa tarehe 1 Machi 1943 mabomu yakaangukia bustani ya mimea ya Berlin na hebaria ikawaka moto. Sampuli kavu, milioni kadhaa, sehemu kubwa kabisa ikawa majivu, na mimea ya kwetu ikiwemo. Kilichookoa jambo ni kwamba Schlieben alikuwa akikusanya nakala za ziada, na baadhi zilikuwa zimekwisha kugawiwa kwenye hebaria nyingine. Tumezoea kulilia mifupa ya Tendaguru iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913, na mjusi wetu yule mkubwa aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937 bado amesimama. Majani yaliyoungua hayana anayeyalilia.

Na si majani ya kawaida. Mwaka 2001 mtafiti G. Philip Clarke alichapisha hoja kwamba misitu na vichaka vya Lindi, pamoja na mwinuko wa Rondo, ni kitovu cha pekee cha mimea isiyopatikana kwingine duniani. Lile jekundu la Babu simo humo namhesabia. Lenyewe lipo sehemu nyingi za Afrika na haliko hatarini. Lakini kichaka linamoota kinaweza kuwa na jirani asiye na pengine pa kuishi, na vichaka vinafyekwa kila mwaka kwa ajili ya ufuta. Siwezi kumlaumu mtu. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye ufuta huo huo.

Kile kipande cha nyuma ya nyumba nacho kilikuwa kimepangiwa kufyekwa Septemba ile. Tulikuwa na wiki tatu.

Tukaenda na jembe, mimi na wadogo zangu wawili, Babu akiwa amekaa kwenye kiti anatoa maelekezo. Agosti hakuna jani wala ua, kwa hiyo tulitegemea kumbukumbu: karibu na mkwaju, karibu na kichuguu. Tulipata matunguu 11, matatu tukayakata kwa jembe. Kama na wewe una shamba lako linalofyekwa, haya ndiyo tuliyofanya. (Msitu wa hifadhi usiguse. Hiyo ni kesi.)

Chungu si lazima kiwe cha dukani. Sisi tulikata dumu la lita 20 katikati, tukatoboa matundu chini, tukaweka vipande vya vigae, kwa sababu adui mkubwa wa tunguu ni maji yanayotuama. Udongo ni mchanganyiko wa mboji ya chini ya miti, mchanga, na samadi kidogo iliyooza vizuri. Tunguu lenyewe hulifukii kwa kina kama dafodili. Shingo yake iwe usawa wa udongo au ichungulie kidogo. Usivunje mizizi, maana halipendi kabisa kusumbuliwa, na likisumbuliwa linaweza kususa mwaka mzima bila ua. Ukishalipanda, liache hapo miaka mitatu hivi. Kivuli chepesi kinatosha, kama cha ukingo wa baraza.

Sasa la maji, maana hapa ndipo wengi wanapoua mmea kwa upendo. Kuanzia majani yanyauke, Juni hivi, hadi mvua za kwanza, usimwagilie. Utaona aibu kuwa na chungu cha udongo mtupu barazani, wageni watauliza. Vumilia. Mvua zikianza, mwagilia siku zisizonyesha, na ua likiisha endelea kumwagilia majani mpaka yageuke njano yenyewe. Ni somo lile lile la dafodili. Ukiacha ua lizae, utapata matunda mekundu. Menya nyama yake, panda mbegu siku hiyo hiyo kwa sababu hazihifadhiki zikikauka, kisha usubiri miaka mitatu au zaidi.

Na sumu niliyokuahidi. Dafodili na lile jekundu wote wana alkaloidi, mojawapo ni likorini, inayotapisha vibaya. Sehemu kadhaa za Afrika tunguu la Scadoxus limetumika kwenye sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Tunguu lililochimbwa na kuachwa jikoni linaweza kudhaniwa kitunguu, kwa hiyo usiliache jikoni, na mtoto akishalishika anawe mikono. Familia hiyo hiyo ndiyo iliyotoa galantamini, dawa inayotumika kupunguza makali ya ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer. Wabulgaria waliitengeneza miaka ya 1950 kutokana na ua jingine la ukoo huu, na leo dafodili hulimwa Wales kwa ajili yake. Nilipomwambia Babu kwamba ua la shairi lake linatibu usahaulifu, alicheka mpaka akakohoa.

Kati ya yale matunguu manane mazima, matano yalitoa majani matupu, moja lilioza, mawili yakatoa ua. La kwanza lilichomoza Desemba, siku nne baada ya mvua kubwa. Babu alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Kile kipande cha nyuma sasa ni ufuta, umefika kiunoni. Dumu liko barazani, na Bibi amelizungushia matawi ya miiba kwa sababu ya kuku.